Karanga Ndani ya Mashine ya Baba

Ibaba, Ileje,
30 Agosti 2025.

Dada yangu mpendwa Ikupa,

Nimemkosea Aida, na wewe nimekukosea pamoja naye. Ile mashine ya kusagia kahawa uliyomletea baba Krismasi, siyo mke wangu aliyeiharibu. Ni mimi. Nimeliweka hili mbele ya salamu kwa sababu najijua. Ningeanza na habari za hali ya hewa, ningemaliza karatasi sijalisema.

Sasa shikamoo dada. Huko Masasi mnaendeleaje? Kile kikohozi chako kimeisha? Sisi huku wazima kabisa. Baridi ya mwezi wa saba ilitubana lakini imelegea, kahawa ipo kwenye vichanja inakauka vizuri, na baba anatembea mwenyewe mpaka kanisani. Fimbo anaibeba kwa urembo tu.

Ningekupigia simu, lakini ungeanza kunigombeza, na mimi ningekata nikasingizia mtandao. Barua haikatiki.

Mambo yalikuwa hivi. Mwezi wa tano Aida alikwenda Isongole siku tatu kumuuguza mama yake. Mimi nikabaki na hamu ya majani ya maboga ya karanga. Kinu chetu alikuwa amekiazima Diana, mke wa mdogo wetu Danford. Badala ya kutembea hatua mia moja kukifuata, nikaiangalia mashine juu ya kabati, nikasema moyoni, kwani karanga nazo si zinasagwa? Nikamimina kikombe kizima. Ulituambia mara tatu: kahawa peke yake, na maji yasiiguse. Nilisikia mara zote tatu.

Karanga hazikutoka unga, zilitoka kama uji mzito. Nikachemsha maji, nikatia sabuni ya unga, nikaizamisha mashine nzima bila kuifungua, kisha nikaianika juani. Kwa nje iling'aa kama siku uliyoileta. Nikairudisha juu ya kabati, nikala mboga yangu. Ilikuwa tamu, kwa hilo sikudanganyi.

Aida aliporudi akakaanga kahawa ya baba kama kawaida, akaisaga. Unajua baba alivyo na wakwe zake. Wengi siku hizi wameacha, yeye bado. Aida hasimami mbele yake, hamsemeshi, hamtazami usoni. Anaweka kikombe kwenye kigoda nje ya mlango wa baba, anagonga ubao, anaondoka, ndo baba anatoka kuchukua. Siku hiyo alionja akatema. Akaniita.

"Nsajigwa, kahawa hii imesagwa na nini?"

"Na mashine, baba."

"Inanuka mafuta yaliyolala. Mwambie mkeo asafishe vyombo vyake."

Hapo ndo nilitakiwa kusema. Nikasema, "Nitamwambia." Nina miaka hamsini na moja, dada, na bado namwogopa baba kama nimepoteza mbuzi wake.

Na kweli nikaenda kumwambia Aida, kwa sauti ya mtu asiyejua chochote. Maskini akaipangusa juu na chini, akakaanga kahawa nyingine, ikatoka vilevile. Kikombe kikawa kinarudi kimejaa. Wiki ya pili mkono wa mashine ukagoma kuzunguka. Ilikuwa kutu.

Halafu ukaja ubatizo wa mtoto wa Danford. Tumekaa tunakula, baba akasema mbele ya ukoo wote kwamba kuanzia siku hiyo kahawa yake itatoka kwa Diana, maana kwangu kuna uvivu. Aida alikuwa jikoni na wanawake wenzake. Alisikia kila neno, na kwa heshima ileile hawezi kutoka akamjibu baba mkwe. Wa kumsemea nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa natafuna nyama.

Baada ya hapo ukapiga simu kuulizia mashine, nikakwambia Aida kaiosha na maji. Ndo ukamtumia ule ujumbe kwamba ukimpa mtu wa shamba kitu kizuri anakigeuza jembe. Sikulaumu. Uongo ulikuwa wangu, wewe uliuamini tu kwa sababu aliyesema ni mdogo wako.

Wiki mbili zilizopita tukaenda Tunduma, Aida kaibeba mashine mwenyewe kwenye kapu. Alisema hawezi kukaa na jina la uvivu bila kujua kosa liko wapi. Kuna fundi karibu na soko anaitwa Habibu, mtu wa Tanga, anatengeneza cherehani, mizani, chochote chenye skrubu. Akafungua nati ya juu, akatoa mkono, akatoa springi, akapanga kila kitu kwenye kitambaa kwa mstari, kama kilivyotoka. Alipofika kwenye meno akachokonoa na sindano ya cherehani, akatoa uchafu mweusi ulioganda, una vigamba vyekundu. Akaunusa, akacheka.

"Shemeji, hii mlikuwa mnasagia kahawa au mmefungua kiwanda cha kashata?"

Aida akachukua kigamba kimoja, akakiweka kiganjani. "Fundi, mimi karanga natwanga kwenye kinu."

"Basi nyumbani kwako kuna mtu kutwanga hapendi, kula anapenda." Akaniangalia tumbo.

Nikasema, "Ni mimi." Palepale, mbele ya wateja wawili wa Nakonde waliokuja na cherehani yao. Aida hakupiga kelele. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Tangu mwezi wa tano mpaka leo, ulikuwa unapata usingizi?"

Nilikuwa napata, dada. Tena vizuri sana. Hilo ndo limeniuma kuliko mengine yote.

Habibu alitaka kumwelekeza Aida namna ya kusafisha, Aida akakataa, akasema aliyechafua ndiye ajifunze. Kwa hiyo nimejifunza. Maji hapana kabisa. Meno unayasugua kwa mswaki mkavu, kutu unaiondoa na msasa laini taratibu, halafu unapangusa na kitambaa kikavu. Ukisharudishia, unasaga mchele mkavu kiasi cha kiganja ili uvute mafuta yaliyobaki, unamwaga, na kahawa kidogo ya kwanza unaimwaga pia. Kila Jumamosi naifungua mwenyewe. Mara ya kwanza nilimaliza kufunga nikabaki na washa moja mkononi, kile kipete cha bati kinachokaa chini ya nati. Aida akasema, "Labda hiyo ni ya kusagia karanga." Nikafungua tena, tukapata mahali inapokaa.

Leo nimeisafisha kabla sijashika kalamu. Aida amekaa hapa anachambua maharage, ananisimamia niandike mwandiko unaosomeka. Tunakunywa kahawa yetu wenyewe, imetoka vizuri, nyumba nzima inanukia. Nacheka naye tena. Sijui kama amenisamehe yote, lakini jana aliniongezea kikombe bila kuombwa.

Kwa baba bado. Nilitaka nimwambie taratibu chumbani kwake, sisi wawili. Aida akasema, "Uliniacha nivuliwe nguo mbele za watu, sasa unataka kunivisha gizani?" Yuko sahihi. Na ule ujumbe wako ameuhifadhi kwenye simu hadi leo. Sikuagizi cha kufanya, nakwambia tu upo.

Danford anakusalimu. Diana naye anakusalimu, anasema kutwanga kahawa ya baba kila asubuhi kumemchosha mabega, na sababu ya kweli ya kubebeshwa kazi hiyo bado haijui. Baba anauliza lini utakuja. Msalimie sana shemeji Boazi na watoto. Mungu awatunze, awape afya, na atufikishe siku ya kuonana tukiwa na furaha.

Jumapili ya tarehe 14 Septemba tunakutana tena wote kwa Danford, chakula cha kushukuru mavuno. Saa saba mchana, kabla sahani hazijagawiwa, nitasimama mbele ya baba na ndugu wote, mlango wa jikoni uwe wazi Aida asikie, niseme: karanga nilisaga mimi, maji nilitia mimi, na mke wangu nilimsingizia. Nitakupigia dakika tano kabla, niweke sauti ya juu ili na wewe usikie. Ikifika saa saba na robo sijapiga, mpigie baba wewe mwenyewe, umsomee barua hii yote.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda,
Nsajigwa