Ufunguo wa Nati ya Tano

Baba mpendwa,

Nakuandikia nawe uko chumba cha pili. Nasikia redio yako, nasikia na kikohozi chako, lakini nakuandikia kama anayemwandikia mtu wa mbali, kwa sababu juzi uliniuliza mimi ni nani na geti nimefunguliwa na nani. Nikakujibu kwamba mimi ni mwanao. Ukacheka kwa adabu, kama unavyocheka na wageni, ukanikaribisha kiti ndani ya nyumba yangu mwenyewe hapa Masaka, pembeni mwa Kigali. Basi barua hii ni ya yule baba wa zamani, dereva wa lori ambaye hakusahau hata kona moja kati ya Dar es Salaam na Rusumo. Nina jambo la kumwambia, na wewe wa leo naogopa kukuambia.

Unaikumbuka Ngara? Kila ulipokuwa na safari ulinitoa kitandani alfajiri, ukachukua nyundo yako ndogo tukalizunguka lori, wewe mbele mimi nyuma. Ulikuwa unagonga nati za magurudumu moja moja, na kazi yangu mimi ilikuwa kusikiliza. "Iliyokaza inalia," ulinifundisha, "iliyolegea inanung'unika." Mama akiita kwamba chai inapoa, ulimjibu kuwa chai ikipoa inapashwa moto, ila gurudumu likichomoka hakuna cha kupasha. Nilikuwa mtoto mdogo mwenye usingizi, lakini nilijiona fundi mkuu wa barabara yote ile.

Kutoka Ngara tulirudi Rwanda na nyundo ile ile. Niliponunua gari langu la mtumba ulilizunguka mara mbili. Kesho yake ukapanda hadi Biryogo kwenye maduka ya vipuri, ukarudi na nati nne za ajabu, moja kwa kila gurudumu. Usoni zilikuwa na mikunjo kama ua, na hazikukubali spana yoyote isipokuwa ufunguo wake, kijichuma kisichozidi kidole gumba. Kila gurudumu likabaki na nati nne za kawaida na moja ya kufuli. Nilikutania sana siku ile. "Baba, hapa Kigali nani ataiba gurudumu? Hayo ni mambo ya huko tulikotoka." Ukanijibu bila kuinua kichwa, "Mwizi hana uraia, mama." Ufunguo ukasema utakaa kwako, maana mimi hata mwavuli hunishinda kutunza. Hapo ulisema kweli.

Kisha ndiyo ukaanza kusahau. Ulianza na majina ya watu, ukaja kwa siku za juma, mwishowe tukaokota viatu vyako kwenye debe la mchele. Ufunguo nao ukapotea humo humo. Niliutafuta chini ya godoro, mifukoni, nyuma ya picha ya Mama, hadi kwenye migomba. Kila nilipokuuliza umeuweka wapi ulinijibu, "Pahali pazuri," ukavuta soksi zako juu ukaendelea kusikiliza taarifa ya habari. Nikachoka. Nikajiambia nati zimekaza, gari linatembea, ya nini kuhangaika.

Jumanne iliyopita asubuhi nilitoka na watoto kuwapeleka shule. Nikakukuta umechuchumaa kando ya gari na sweta lako la kahawia, unafuta mikono kwa kitambaa. Nilifurahi, Baba. Muda mrefu sikuwa nimekuona na uso wa kazi namna ile. Uliinuka, ukapiga boneti kwa kiganja kama ulivyokuwa unalipiga lori, ukasema, "Nendeni salama. Nimeikagua." Nikakushukuru, nikawasha gari.

Kwenye ule mteremko wa kushukia barabara kuu usukani ukaanza kutetemeka. Nikadhani ni mawe. Halafu kikaja kishindo chini ya miguu yangu, kikarudi, kikarudi tena, nyuma yangu Keza na mdogo wake wakigombania penseli. Unaijua ile ruhurura ya kushoto, mtaro ambao mvua ya masika iliuchimba hadi mtu akisimama ndani haonekani. Nilikuwa naitazama hiyo hiyo wakati dereva wa moto, zile pikipiki za abiria, alipokuja ubavuni kwangu, akagonga kioo kwa kiganja. "Mama, simama! Tairi iko inacheza!"

Nilikanyaga breki. Gari likavutwa kushoto, likajikokota, likasimama ruhurura ikiwa pale pale mlangoni kwangu. Keza akauliza kama tumefika.

Nilishuka. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa limeinama kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Bolti nne zilikuwa wazi, hazina kitu. Ya tano ilikuwa na nati, na nati yenyewe ni ile yako yenye mikunjo ya ua. Hiyo moja ndiyo iliyokuwa imetushika watatu.

Yule wa moto aliniletea fundi wa matairi wa pale konani. Fundi alichuchumaa, akatazama. "Yoo. Mama, Imana yakinze akaboko," akasema, kwamba Mungu alikinga mkono wake. "Nani amefungua hizi?"

Nikasema sijui. Nilijua, Baba. Nilijua tangu nilipoziona zile bolti zikiwa safi, zimepanguswa vumbi. Lakini Keza, ambaye haogopi mtu, akatoa kichwa dirishani, akamtaja babu yake. "Ni Sogokuru. Nilimwona na spana."

Fundi aliinama tena. Akagusa ile ya tano. "Hii alikosa ufunguo yake. Angekuwa nayo, saa hii tungeongea maneno ingine. Ufunguo iko wapi?"

Nikasema sijui, na safari hii sikudanganya.

Hakuweza kuiacha nati ile, kwa kuwa bolti yake ilikuwa imepinda na gurudumu lilipaswa kutoka. Alisukumia mawe nyuma na mbele ya matairi, akafungua nati moja kutoka kwa kila gurudumu zima, akazifunga tatu hizo kwenye lile bovu ili litulie. Ndipo akachagua soketi ya zamani, ndogo kidogo kuliko ile nati, akaigongelea juu yake kwa nyundo ili iingie kwa nguvu na kung'ata. Niliwakumbatia watoto ng'ambo ya barabara, nikitazama gari likitikisika juu ya mteremko, nikiwaza kwamba sasa hivi mawe yatateleza. Akaingiza mpini mrefu, akapanda juu yake kwa miguu miwili, akarukaruka. Soketi iliteleza mara ya kwanza. Akagongelea nyingine, akapanda tena. Nati ikalia mlio mmoja mkavu, ikaachia. "Mzee wako alikaza hii kama ya lori," fundi akasema, akanipa ile nati ikiwa imepondeka uso. Nimeiweka juu ya kabati, sijui ya nini.

Niliporudi nyumbani nilikukuta umelala kwenye kiti. Nati nne zilikuwa mfukoni mwa sweta lako, zimefutwa, zimepakwa mafuta, zimefungwa kwenye leso. Ulizitoa ili uzisafishe, ukaenda kutafuta leso, na ulipoipata ulikuwa umesahau ni ya kazi gani. Ndivyo ninavyodhani. Wewe ulipoamka ukaniona uliniuliza tu kama mvua imenyesha huko nitokako.

Tangu siku hiyo naogopa, Baba. Mtoto kumwogopa baba mwenye kiboko ni jambo la kawaida, nawe hukuwahi kunichapa. Mimi naogopa wema wako. Naogopa unapoamka mapema, naogopa unapotafuta la kunisaidia, naogopa geti likilia, naogopa jiko. Watoto wakikaa karibu nawe nasimama mlangoni kama askari, halafu naona aibu, narudi jikoni, halafu narudi tena mlangoni. Spana nimeificha kwa jirani. Jioni ya Jumanne nilipita Gitega, ile ya hapa Kigali, nikanunua kufuli la mlango wa chumba chako, la kufunga kwa nje. Nililichagua mwenyewe, nikamwambia muuzaji anipe lililo imara. Muuzaji aliniuliza kama ni la stoo, nikaitikia.

Leo asubuhi nilikuwa nalizunguka gari na ile nyundo yako, nagonga na kusikiliza, kama Ngara. Sikukusikia ukija. Ulisimama nyuma yangu na fimbo yako, kichwa umekiinamisha. "Rudia hiyo," ulisema. "Inanung'unika." Nikarudia. Kweli ilikuwa inanung'unika. Nikachukua spana kwa jirani, nikaikaza, nikaigonga, ikalia, nawe ukatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilitamani tubaki pale pale.

Kisha ukaketi kwenye kizingiti, ukavua kiatu, ukashusha soksi. Hapo ndipo nilipokumbuka mlivyokuwa mnaficha fedha za safari ninyi madereva, kwenye soksi, hata mkilala. Ukatoa kile kijichuma cha ufunguo, kimeviringishwa kwenye kipande cha nailoni, ukaangalia kulia na kushoto, ukakitia kiganjani mwangu na kuvifunga vidole vyangu juu yake.

"Dada, wewe naona ni mtu mwaminifu," uliniambia. "Nina binti yangu anaendesha na watoto. Mpe hii. Mwambie asimpe mtu yeyote, hata mimi nikimwomba."

Nikakuuliza, "Kwa nini usimpe mwenyewe, mzee?"

"Simwoni siku hizi," ulisema. "Labda kazi zimemzidi."

Nikakuambia nitampa. Ukavaa kiatu, ukanishukuru, ukaingia ndani kusikiliza redio.

Baba, kufuli bado liko kwenye mkoba wangu, ndani ya karatasi yake. Leo sijalifunga. Kesho sijui nitafanya nini, na hofu haijanitoka, nisije nikakudanganya. Lakini ule mzigo ulionituma nimeufikisha. Binti yako nimemwona, hajambo, na watoto wake hawajambo. Ameupokea kwa mikono miwili.

Ni mimi,
binti yako, yule wa kusikiliza nati.