Nimekuita Kutoka Kwenye Jiwe

Dada Mwanaidi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila shikamoo. Ungenifinya sikio hata huko uliko.

Nimeita, dada! Juzi Jumatano, jua likiwa utosini, nilisimama juu ya jiwe letu la kuitia ng'ambo nikakuita, na sauti ikavuka bonde mpaka kwako. Kule hospitalini uliniambia, "Ukipona usiniandikie barua. Panda jiweni uniite, nikusikie kwa masikio yangu." Basi nimefanya ulivyotaka. Barua hii ni ya kukueleza fujo iliyofuata, maana nimekiingiza kijiji kizima msibani na maiti hakuna.

Ngoja nianze vizuri. Wiki iliyopita nilikwenda Dar es Salaam kwa daktari, yule yule aliyenipasua. Unakumbuka siku alipotuweka chini mimi na wewe? Alisema saratani iko kwenye pafu la kushoto, na imeshafika kwenye tezi za kifuani. Angekata kipande cha pafu, atoe na tezi zile, kisha zifuate dawa za mshipani. Akaniuliza kama nimewahi kuvuta sigara. Ukacheka wewe kabla yangu, ukamwambia, "Daktari, huyu amevuta moshi wa kuni tu." Kisha ukatoka nje, na uliporudi macho yalikuwa mekundu, ukasema ni vumbi. Vumbi gani, dada, na mvua ilikuwa inanyesha?

Alituambia tusijihesabu tumepona mpaka ipite miaka mitano. Imepita! Aliitazama picha ya kifua, akaitazama tena, akasema haoni kitu. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba mara ya tatu, akasema, mama, nina wagonjwa wengine. Nilitoka pale na furaha ya kichaa, nikampa shikamoo mlinzi wa getini ambaye ni sawa na mwanangu wa mwisho.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nakuwaza. Zile chupa, dada. Walitupa chupa ya maji yenye mpira wa dripu, nipulize maji yatoe mapovu ili pafu lililobaki lifunguke. Kila nikipuliza mshono ulinichoma, nikawa naificha chupa chini ya kitanda. Wewe ulikuwa unalala huko huko chini, kwa hiyo uliiona kila mara. "Puliza, mdogo wangu, kama unawasha kuni mbichi." Nilikuchukia wiki ile. Nisamehe.

Na sasa nikuambie jambo ambalo hata Rajabu mume wangu sijamwambia. Ile siku uliyoondoka, homa ya siku tatu tu, wewe uliyeninyanyua mimi, kilio kilitufikia kutoka ng'ambo kama vilio vyote vya milima hii vinavyofika. Desturi ni kwamba upande wa pili uitikie, wafiwa wajue wamesikika. Nilikuwa barazani, nimefungwa mablanketi. Nikafungua kinywa nikuitikie. Sauti ikaishia hapo hapo kwenye ngazi. Walioitikia ni majirani. Bonde lenyewe sikuweza kulivuka, wakakuzika bila mimi. Tangu siku ile nilijua deni langu ni pumzi.

Kwa hiyo Jumatano nikapanda. Jiwe limebadilika, ungecheka. Siku hizi kijiji chetu cha Mgwashi kina watu wenye simu za mkononi, na mtandao unapatikana pale juu tu. Rajabu naye anayo, kubwa kama kipande cha sabuni ya mche. Malori ya kabichi na pilipili hoho yanakuja mpaka barabarani kwetu, kila mtu ananunua, kila mtu anauza, na bei inaulizwa jiweni kwa simu. Nilimkuta Rajabu na wenzake wawili wameinua simu juu kama wanaomba mvua. Nilipowaambia nimekuja kuita, Rajabu akasema kwa upole niite kidogo kidogo, nisije nikachanika kifua.

Nikakaa mpaka moyo utulie. Nikapuliza mara tatu, kuni mbichi. Kisha nikaita.

Nilikuwa nimepanga kumwita binti yako Halima, maana ndiye anayekaa kwako sasa. Lakini kinywa kina mazoea yake. Kilichotoka ni jina lako. "Mwanaidiii! Onga mshiii!" Salamu yetu ya mchana, kwa sauti ambayo mimi mwenyewe iliniogopesha.

Dada, fikiria. Mwanamke aliyekatwa pafu, juu ya jiwe, analia jina la marehemu. Kabla sijaita mara ya pili wanaume walishatoka mashambani na majembe ya kuchimbia kaburi. Mama Salehe, jirani yangu, akaja mbio na kanga ya msibani na debe la unga kichwani. Wengine walidhani amekufa Rajabu, na Rajabu amesimama pale pale na simu yake! Waligomba wote kwa pamoja. Mama Salehe akaapa unga aliotoa kwa msiba harudi nao nyumbani. Basi jioni tukausonga ugali, tukala na maharage. Nimekula chakula cha matanga yangu, na nikaongeza.

Lakini kabla ya hapo, wakiwa bado wananigombeza, ng'ambo ya bonde ikaitika.

"Abeeee!"

Ilikuwa sauti yako. Nilikaa chini kwenye jiwe.

Alikuwa Halima. Alikuwa chini mtoni nilipoita, akakimbia kupanda mpaka uani kwako, pale ulipokuwa unasimama, ndipo akaitika. Jioni alifika kwangu na tope mpaka magotini. Nikamuuliza kwa nini ameitikia jina lisilo lake. Akaniambia ulimwagiza siku ya pili ya homa: "Mama yako mdogo akiita na mimi sipo, usimwache bila jibu."

Dada. Wakati mimi nimejifunika mablanketi nikisubiri kufa, wewe unakufa, na ulikuwa umeshaniwekea mtu wa kunijibu.

Nimelia, lakini ni kilio kizuri, kisikupe presha. Mungu akuangazie kaburi lako. Nakuahidi sitaficha tena chupa. Kila Ijumaa, maadamu nina pumzi, nitapanda jiweni nimwite Halima kwa jina lake, asibaki kuitikia la kwako tu.

Wewe usiitike. Sikiliza tu.

Mdogo wako,
Zaina