Pua Iliyoziba

Jumatatu, 14 Julai
Zamu ya asubuhi. Baridi haina adabu. Kazi ni ile ile: majani ya chai yaliyosagwa yanalala yakigeuka rangi, mimi nachota konzi, nafinya, nanusa. Yakinuka nyasi, bado. Yakinuka tunda lililoiva, toa, yakakaushwe. Miaka kumi na moja na bado ni kibarua. Leo supavaisa wetu, Mzee Koech, ametangaza kwamba mnusaji mmoja tu atabaki, kwa barua ya ajira ya kudumu. Ni mimi au mwenzangu Chebet. Mwingine atarudi shambani kuchuma.

Jumanne, 15 Julai
Binti yangu Akinyi yuko likizo ya chuo. Anasoma falsafa. Mimi nilitaka asome unesi. Ameniuliza mtu anajuaje kwamba anajua. Nikamwambia aje kiwandani anuse. Akacheka, akanisomea daftari lake: ili ujue jambo, liwe kweli, uliamini, na uwe na sababu nzuri ya kuliamini. Ati watu wamebishania hayo tangu zamani. Kwani hawana shamba la kupalilia?

Alhamisi, 17 Julai
Homa. Pua imeziba kabisa, hata kitunguu sisikii. Nimeenda kazini, sikumwambia mtu. Kuugua wiki hii ni kujifukuza mwenyewe.

Saa nne Chebet alinusa, akasema tayari. Mzee akanigeukia. Nikachota, nikafinya, nikanusa hewa tupu. Nikasema bado. Kwa nini? Kwa sababu Chebet alisema tayari. Wivu, basi.

Wakangoja dakika kumi. Chai ilipoonjwa, ikawa tamu kuliko zote za wiki hii. Mzee akasema mbele ya watu, "Pua ya Mama Akinyi haidanganyi." Barua ni Jumatatu. Chebet alivua aproni.

Ijumaa, 18 Julai
Nimemweleza Akinyi. Hakunilaumu, na hilo ndilo limeniudhi. Alisema Mzee ana sababu ya kuamini kwamba nilijua, na jambo lenyewe lilikuwa kweli, lakini mimi sikujua. Nilipatia tu. Nikamwambia afunge hilo daftari. Nina hasira. Nina aibu pia.

Jumatatu, 21 Julai
Mzee alikuwa na barua mkononi.

"Mzee, siku ile sikunusa kitu. Nilibahatisha."

Akasema, si chai ilikuwa nzuri? Nikamwambia kwamba Chebet alikosea akinusa, kesho atajirekebisha. Mimi sina cha kurekebisha. Akauliza pua itafunguka lini. Nikasema sijui. Barua imeandikwa upya, jina la Chebet. Chebet hakunishukuru. Nimelia chooni kidogo, nikanawa uso, nikarudi nyumbani.

Alhamisi, 24 Julai
Siku ya tatu ya kuchuma. Mgongo unalalamika. Leo, kabla sijafungua macho, nimesikia harufu ya omena, dagaa wa ziwani. Akinyi alikuwa jikoni anakaanga. Nimelala kidogo zaidi, nikinusa. Sikuhitaji kwenda kuangalia.