Balbu Nilizoingiza kwa Nguvu

Ndugu yangu mpendwa Ndirangu,

Nakusalimu katika jina la Bwana, na kabla sijaenda mbali nataka kujua: shingo yako inaendeleaje? Bado inakukaza asubuhi kukiwa na baridi? Nimeanza na shingo kwa sababu mwaka jana, pikapu ilipogongwa, nilikuuliza kila kitu isipokuwa hiyo. Sisi hapa Mweiga tuko salama kwa neema ya Mungu. Mkono wa Mama ulishikana, na siku hizi anamenya viazi mwenyewe, ingawa akichoka anasema ni mimi nimemchosha. Ng'ombe wawili wanakamwa. Ukungu ni ule ule.

Najua huchukui simu zangu, na sikulaumu. Ndiyo maana nimeandika, na barua nimempa Mwalimu Wekesa, yule mpangaji wetu, kwa sababu shule zimefungwa na anarudi kwao huko Kitale uliko. Ameahidi kuiweka mkononi mwako. Tafadhali isome mpaka mwisho, hata ukikasirika katikati.

Unakumbuka Jumamosi jioni, marehemu Baba akitayarisha pikapu ya kwenda kanisani? Mimi nilikuwa ndani, mguu kwenye breki, kwa kuwa nilikuwa mkubwa na miguu inafika. Wewe ulisimama nyuma karibu na zizi, na kazi yako ilikuwa kusema tu kama taa zinawaka.

"Imewaka?"

"Imewaka."

"Zote mbili?"

"Zote mbili, Baba."

Halafu Baba anazunguka kuangalia, anakuta moja imekufa, na wewe umegeukia jikoni unachungulia kama sufuria ya mukimo imeshuka motoni. Alikuita Bwana Imewaka wiki nzima. Tulicheka sana. Lakini leo nakwambia ukweli: kicheko kile nilikiweka moyoni. Ulikuwa na miaka saba ulipodanganya juu ya taa, na mimi nikakiweka mpaka ukawa na arobaini na mbili.

Mwaka jana, kabla ya ile ajali, niliamua kubadilisha balbu za nyuma mwenyewe, hapo uani, bila kumsumbua fundi. Nilifungua skrubu za vifuniko, nikatoa za zamani, nikaweka mbili mpya. Zilikataa kuingia. Nikazisukuma na kuzizungusha kwa nguvu mpaka zikakaa. Sasa, nilikuwa peke yangu, hakuna wa kunikanyagia breki. Basi nikawasha taa za usiku, nikaenda nyuma kutazama. Ziliwaka vizuri ajabu, nyekundu kuliko zamani, na nikamshukuru Mungu kwa mikono aliyonipa.

Wiki hiyo hiyo ukampeleka Mama kliniki Nyeri. Asubuhi ya ukungu, taa umewasha. Ndama akavuka barabara, ukafunga breki, na lori la viazi likawagonga kutoka nyuma. Mama akavunjika mkono. Dereva wa lori akasema hakuona gari likisimama. Pikapu ilipovutwa mpaka nyumbani, mlango wa nyuma ulikuwa umekunjika lakini taa zilikuwa nzima, nawe ukaniambia, "Dada, angalia hizi taa zako."

Nikaziwasha mbele ya majirani wote. Zikawaka.

"Kanyaga breki tuone," ukasema.

Nami nikajibu kwamba Mama yuko hospitalini na sina wakati wa michezo yako. Nikasema ni haraka yako, kama kawaida.

Laiti ningeishia hapo. Lakini Alhamisi ushirika wa maombi ulikuwa kwetu. Mzee wa kanisa alipouliza nani ana ombi, nilisimama. Wewe ulikuwa kwenye kile kiti cha karibu na mlango, skafu shingoni. Nikasema, "Mniombee huyu ndugu yangu, Mungu amwondolee roho ya haraka, isije ikamuua mama yetu." Wakakuzunguka, wakakuwekea mikono. Ulifunga macho kama wengine na ukasema amina. Jumamosi ulikuwa umeondoka.

Mimi niliyaita maombi. Yalikuwa mashtaka, Ndirangu, na nilikushtaki mahali ambapo mtu hawezi kujitetea. Nani atainua mkono katikati ya sala aseme ati huo ni uongo?

Nimeyajua haya juma lililopita tu. Balbu moja iliungua, nikaichomoa nikaipeleka kwenye duka la spea ili wanipe ya kufanana. Mwanamke anayeuza pale aliigeuza geuza, akavaa miwani.

"Hii nani aliifinya hivi?"

"Ni mimi."

"Mama, angalia. Hii iko na waya mbili ndani. Kubwa ni ya breki, ndogo ni ya usiku. Na hivi vijino vya kando, kimoja kiko juu na kingine chini, ndio ikatae ukiigeuza. Wewe ilikukatalia ukailazimisha."

"Lakini ilikuwa inawaka."

"Itawaka, kwa nini isiwake? Ukiweka za usiku, inawaka ile kubwa ya breki. Ukikanyaga breki, inaongeza hii kadogo tu. Sasa mwenye ako nyuma yako ataona nini?"

Nilishika meza. Akaniuliza kama niko sawa, nikamwambia ni jua, na siku hiyo jua halikuwa limetoka.

Nyumbani nikaweka balbu mpya upande mmoja, pole pole, ikaingia bila ugomvi. Upande wa pili nikaacha ile niliyoilazimisha, nione kwa macho yangu. Nikawasha taa, kisha nikamketisha Mama kwenye usukani.

"Kanyaga, Mama."

"Nimekanyaga."

"Hiyo ni klachi."

"Si ungesema ni ya katikati. Nimezaliwa dereva?"

Akakanyaga ya katikati. Ile mpya ikang'aa ghafla. Ile yangu ikabaki vile vile, kama mtu aliyeitwa akakataa kugeuka. Nikamwambia akanyage tena, na tena, mpaka akaniuliza kama nataka breki iishe.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama pale nyuma, maana sikuweza kwenda mbele kumtazama. Nikasikia sauti yake kupitia dirishani.

"Mimi nilijua alifunga breki mapema. Si nilikuwa kando yake? Hata kikapu changu hakikuanguka."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia hospitalini. Ukasema ni dawa inaongea." Akashuka akishikilia mlango. "Halafu nikarudi nyumbani nikaambiwa umeshamwombea. Mtu akishaombewa, ninaanzia wapi?"

Akaenda zake kuangalia maziwa. Nilibaki uani na bisibisi mkononi. Nimesoma mpaka darasa la saba tu, lakini kuuliza swali hakuhitaji shule, na mimi sikuuliza, si wewe, si yeye.

Alhamisi hii ushirika ulikuwa kwa jirani. Mzee akauliza nani ana ombi. Nikasimama, nikasema sina ombi, nina neno. Nikawaeleza hivi nilivyokuandikia: jinsi nilivyolazimisha balbu, jinsi ulivyonisihi nikanyage breki nikakataa, jinsi nilivyowafanya waweke mikono juu ya mtu asiye na kosa. Wengine hawakuelewa mambo ya waya mbili, lakini walielewa jina lako. Mzee akasema tuombe basi, Mungu anisamehe. Nikamwomba angoje. Nikamwambia niliyemkosea yuko Kitale na bado sijamwambia. Tuliimba wimbo mmoja, tukanywa chai, tukaenda nyumbani.

Kwa hivyo nakwambia sasa. Nilikukosea. Ulisema kweli, na mimi nikakuaibisha mbele ya watu waliokujua tangu utoto. Naomba unisamehe. Sikuandikii ili urudi Mweiga. Kama umepata kazi nzuri na amani huko, kaa. Mama atakuja kukuona mimi nikimleta, ukiniruhusu kufika mlangoni. Kama bado hutaki kuniona, nitamfikisha stendi na mwalimu atamleta. Nitakubali. Ninachotaka ni kujua msimamo wako kutoka kwako mwenyewe, nisijijibie tena kwa niaba yako.

Mwalimu atapita kwako kabla ya shule kufunguliwa. Mpe jibu langu, hata likiwa la kunigombeza kurasa mbili. Andika upesi, ndugu yangu, usiniweke mpaka muhula mwingine.

Ni mimi dada yako,
Wangechi