Bia ya Kunywea Hapa Hapa

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Nyamizi kaja tena na kidumu cha lita mbili. Mume wake, Mayala, dereva wa lori la pamba, alikuwa mteja wa baa yangu miaka sita. Tangu akatwe mguu baada ya ajali hatoki nje, hataki watu wamwone. Bia ya chupa haitaki, anataka ya pipa tu. Nikamjazia. Kuna ubaya gani?

Jumatano, 10 Septemba 2025
Kumbe ubaya upo! Method, afisa wa leseni, kamkamata Nyamizi mlangoni na kidumu, povu bado linachuruzika. Kasema leseni yangu ni ya kunywea hapa hapa. Ya kubeba ni leseni nyingine. Nikamuuliza: mtu akilewa kwangu akaangukia mtaroni ni halali, akinywa kitandani kwake ni kosa?
"Mama Kija, sheria sikutunga mimi."
Kafunga baa. Wateja wakamalizia glasi zao haraka, wakahamia kwa jirani. Hakuna hata mmoja aliyenitetea. Wanywaji!

Alhamisi, 11 Septemba 2025
Benchi la ofisini tangu asubuhi. Saa nane Method kaniita, kafunga mlango. Sauti ya upole, kama shemeji. Niandike kwamba Nyamizi alitoka na bia kwa siri, mimi sikujua — Jumamosi nafungua baa. Na Nyamizi? Atashtakiwa yeye, kasema, ila watamwonea huruma.
Huruma! Mwanamke anayembeba mumewe hadi chooni! Nikakataa. Akanipa karatasi, nikafikirie.

Ijumaa, 12 Septemba 2025
Nimesaini. Alfajiri, kabla hata ya kupiga mswaki, nisije nikabadili mawazo. Nilijiambia ni kwa ajili ya watoto. Nilijiambia ni kwa ajili ya wale wasichana wawili ninaowaajiri. Maneno mengi. Saa mbili nikampelekea Method.
Saa tatu Nyamizi huyo, mlangoni. "Mwangaluka, mayu," kaniamkia kwa Kisukuma. Kasema Mayala anakuja ofisini mwenyewe, kwa magongo, mbele za watu, kusema bia ilikuwa yake na lawama ni yake, mimi nisiguswe. Kutoka nje mara ya kwanza! Nyamizi anacheka — kampigia pasi shati. Anauliza nitamshika mumewe upande gani kwenye ngazi.
Nimesema nivae kwanza. Nimejifungia chumbani, naandika. Bado nimevaa kanga ile ile ya alfajiri. Bajaji imesimama nje, Mayala yumo. Mayala ananiita kwa jina —