Msichana wa kwenye picha

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mpenzi wangu. Huku Nambis hatujambo. Babu yako amepona mguu, na ng'ombe wako amezaa jike.

Uliuliza msichana niliyepiga naye picha ni nani. Ni rafiki yangu Paskalina. Aliuawa tukiwa na miaka kumi na sita, akitoka kusaga mahindi. Msibani watu walinong'ona, nami nikiwemo: "Alifuata nini njiani peke yake?"

Mama yake akasimama. "Nilimtuma mimi. Mbona hamuulizi aliyemuua alifuata nini?"

Niliona aibu, nikaenda kuketi kando yake.

Muuaji hajajulikana mpaka leo. Kila mwaka mimi na mama wa Paskalina tulikwenda polisi kuuliza, mpaka akafariki. Sasa naenda mwenyewe. Ukija likizo, unisindikize.

Bibi yako akupendaye