Mkono Nilioubadilisha

Mzee Ezekieli,

Nianze na kosa langu. Ule ubao wako wa mwisho wa kuchapia picha, wa mavuno, nimeumalizia mimi. Wavunaji wengine wote ulikwisha kuwachonga. Alibaki mwanamke mmoja uliyemchora kwa penseli, kainama kwenye wimbi, ule ulezi wa kwenu.

Nilimjua yule mwanamke. Miaka yote niliyokuja Jumapili chumbani kwako Kitisuru, nyuma ya nyumba ya tajiri wako, kujifunza kuchonga, alikuwamo katika kila picha: uso hauonekani, kisu mkono wa kushoto. Nami nilidhani unasahau kwamba ubao ukichapwa hugeuza picha, kulia kukawa kushoto. Nani amwambie mwalimu wake amekosea? Tulipokuzika nikasema, nimsahihishie mzee, iwe heshima yangu ya mwisho. Nikamhamishia kisu mkono wa pili, nikachonga, nikapaka wino, nikasugua karatasi kwa mgongo wa kijiko chako, akatoka ameshika kisu kwa mkono wa kulia, safi kabisa. Nilijisifu, mzee wangu. Mjinga mimi.

Nilipopata pasi ya kusafiri nikaipeleka picha hiyo kwenu Bunyore kwa mama, mkeo. Hakuwa ameona picha yako hata moja, maana zote ziliishia kwa wageni wa tajiri. Akamwekea kidole yule mwanamke, akauliza, "Ndiye huyu aliyekuwa naye huko Nairobi?" Kisha akainuka kunikatia ndizi, na kisu akakishika kwa kushoto.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamweleza yote, hakuniamini. "Unamfichia mwenzako," akasema. Na ubao ukishakatwa haurudi.

Niliporudi Nairobi nilizunguka mji kutafuta picha zako za zamani, hata kwa Wahindi wa fremu. Mwishowe nikaipata moja mtaa wa Woodley, yule mwanamke na kisu mkono wa kushoto, ukutani kwa mama mmoja wa Kizungu. Nilimweleza nikiwa mlangoni, kofia mkononi. Akaingia ndani, akaitoa na fremu yake, akanipa.

Juzi nimemfikishia mama. Aliishika muda mrefu. Akasema, "Hata kitambaa amenifunga vile ninavyojifunga." Kisha akalia, shemeji zake wanasema hakuwa amelia tangu mazishi. Hakuitundika. Ameifungia kwenye sanduku la nguo zake, hataki mtu aiguse.

Kwa nini hukumpelekea hata moja, wewe mtu? Uliona haya? Umekaa na mkeo mkononi miaka yote hiyo, unapuliza unga wa mbao, unanigombeza, "Polepole bwana, hii si ugali," na hukusema neno. Nimekukasirikia. Nimekukumbuka pia, sana, hasa Jumapili, miguu ikitaka kunipeleka Kitisuru yenyewe.

Nimepata ubao mwingine. Mama amekubali niende wakati wa mavuno nimtazame akikata wimbi, nimchonge na kisu katika mkono wake mwenyewe, wa kushoto. Akaniuliza kama nitamtoa na uso. Nimemwambia hapana, mama, uso wako alikuwa nao mzee, na mimi sitaugusa.

Pumzika, mwalimu wangu.

Mwanafunzi wako,
Yona